Samaki wa manyoya: namna ya kufunga chambo cha mbenga na mongusu

Kwenye mito ya Maniema, iwe Elila, Ulindi ama Lualaba yenyewe, mvuvi wa ndoano anaanza siku kwa kutafuta samaki wadogo wa chambo. Wengine wanawakokota kwa chandarua cha mbu, na chandarua hakichagui: kinabeba watoto wa kila aina, hata wale ambao mwakani wangekuwa kitoweo. Njia ingine iko. Ni samaki mdogo wa bandia, aliyefungwa kwa manyoya ya jogoo na nywele za mbuzi juu ya ndoano. Mkaaji wa Kama anaweza kumtengeneza kwa vitu vya nyumbani. Cha kununua sana sana ni ndoano.

Ufundi huu umetumika mbali. Marekani, mvuvi Lefty Kreh alianza kufunga wake kwenye miaka ya 1950, juu ya samaki wakali wa maji ya chumvi, na mwaka 1991 posta ya nchi ile ikauchapa kwenye tembre. Mwaka 1987 Bob Clouser wa Pennsylvania akafunga wake wenye macho mazito ya chuma. Hapa kwetu tunaweza kuchanganya mawazo ya wote wawili.

Tafuta ndoano yenye shina refu. Ibane kwa pensi, kisha funga mikono ya pensi kwa kipande cha mpira wa ndani wa kinga ili isiachie. Zungusha uzi wa kushonea kwenye shina lote, toka kwenye tundu mpaka pale ndoano inaanza kupinda. Usifunge manyoya juu ya chuma kitupu, yatateleza.

Mkia njo roho ya kazi. Chukua manyoya sita marefu ya shingo ama mgongo wa jogoo, meupe kama unayapata. Matatu upande huu, matatu upande ule, mgongo wa unyoya ukitazama nje. Hapo yanashikana na kuwa bapa, kama ubavu wa samaki. Yafunge nyuma kabisa, karibu na mpindo. Ukiyafunga mbele yatajizungusha kwenye ndoano kila ukitupa, na samaki hatagusa kitu kilichojikunja. Ongeza nyuzi mbili tatu za kung'aa, zilizokatwa nyembamba toka kwenye karatasi ya ndani ya biskuti.

Sasa uzito. Ekru ndogo inatosha. Ifunge mbele, kwenye mgongo wa shina, upande usiotazama ncha. Majini chambo kitapinduka, ncha itazame juu, na hakitanasa ovyo kwenye miti iliyolala chini ya vijito vya msitu. Risasi ya betri za magari tuiache: kuiyeyusha nyumbani ni kuwapa watoto sumu.

Mwisho nywele za mkia wa mbuzi, karibu na tundu: nyeupe upande utakaokuwa chini majini, nyeusi upande wa juu, juu samaki wengi wadogo wako hivyo, tumbo jeupe na mgongo wa giza. Usijaze. Nywele nyingi zinafanya chambo kuwa ufagio. Funga kichwa kwa uzi mwingi, chora macho, paka rangi ya kucha na uache ikauke. Kwa mongusu, anayejificha kwenye maji yaliyotulia, urefu wa kidole unatosha. Kwa mbenga, fika urefu wa kiganja na zaidi.

Mbenga ana mambo yake. Boulenger alimwandika mwaka 1898 kwa jina la Hydrocynus goliath. Anapita mita moja, na meno yake yanaonekana nje hata mdomo ukifungwa. Nailoni peke yake ataikata mara moja, na hapo unapoteza ndoano na kazi yote. Chukua waya ya freni ya kinga iliyozeeka, toa nyuzi tatu, zisokote, fanya kipande cha sentimita 30 kati ya chambo na nailoni. Mdomo wake ni mfupa, kwa hiyo nowa ncha kwa lima kila mara.

Bila fimbo maalumu, chambo chepesi hivi hakitupiki mbali. Kikokote nyuma ya mtumbwi, ama ukiache kishuke na maji halafu uvute kidogo, simama, vuta tena. Mara nyingi anapiga pale umesimama, manyoya yakiwa bado yanacheza. Usizungushe nailoni kwenye mkono hata siku moja: mbenga mkubwa anaweza kukukata vidole ama kukuangusha majini.

Ukirudi, suuza chambo, kikaushe kivulini, kisha kitundike mbali na mende, wanaokula manyoya, na mbali na watoto.