Sister Rosetta Tharpe na Swali la Mwanzo wa Roki: Mwanamke, Gitaa na Mipaka ya Tanzu

Utangulizi

Historia ya muziki wa roki, kama ilivyosimuliwa kwa muda mrefu, huanzia katikati ya miaka ya 1950 nchini Marekani, na wahusika wake wakuu ni wanaume: Elvis Presley, Chuck Berry, Little Richard na wenzao. Katika masimulizi hayo mwanamke huonekana mara nyingi kama mwitikiaji wa pembeni, au kama sehemu ya hadhira inayopiga mayowe. Hata hivyo, tarehe 31 Oktoba 1938, takriban miaka 16 kabla ya Presley kutoa santuri yake ya kwanza, mwanamke Mweusi mwenye umri wa miaka 23 aliirekodia kampuni ya Decca jijini New York nyimbo nne, akiimba na kujipigia gitaa mwenyewe. Mmoja wa nyimbo hizo uliitwa "Rock Me". Mwanamke huyo alikuwa Sister Rosetta Tharpe.

Makala haya yanachunguza maisha ya kisanaa ya Tharpe kwa kuzingatia swali moja: kwa nini msanii aliyejulikana sana katika zama zake alikaribia kufutika kabisa katika historia ya utanzu aliousaidia kuzaliwa? Hoja inayotetewa ni kwamba Tharpe hakusahaulika kwa kukosa sifa. Alisahaulika kwa sababu mipaka ya tanzu, iliyochorwa na kanisa, na kampuni za santuri na hatimaye na waandishi wa historia, haikuacha nafasi kwa mwanamke wa kanisa aliyepiga gitaa la umeme. Suala hili linamhusu mhakiki wa fasihi kwa kiasi kile kile linavyomhusu mtaalamu wa muziki, kwani uainishaji wa tanzu ni kazi ya kila siku ya uhakiki, na ni nadra kwa mhakiki kujiuliza ni nani anayeachwa nje pindi mpaka unapochorwa.

Kanisa kama Chuo

Rosetta Nubin alizaliwa tarehe 20 Machi 1915 katika mji mdogo wa Cotton Plant, jimbo la Arkansas, eneo la mashamba ya pamba. Mama yake, Katie Bell Nubin, alikuwa mwimbaji, mpigaji wa mandolini na mwinjilisti wa Church of God in Christ, dhehebu la Kipentekoste la Wamarekani Weusi lililoongozwa na Charles Mason. Sifa mbili za dhehebu hilo zinafaa kuzingatiwa. Kwanza, halikuyaona magitaa, ngoma, matari, makofi na uchezaji kuwa najisi. Vyote vilihesabiwa kuwa njia halali za kumsifu Mungu. Pili, ingawa wanawake hawakupewa upadrisho wala uchungaji, waliruhusiwa kufundisha na kuinjilisha. Kwa hivyo binti huyu alimwona mama yake akisimama mbele ya umati na kuutawala kwa sauti na ala.

Akiwa na umri wa miaka sita hivi, Rosetta alikuwa tayari akiimba na kupiga gitaa hadharani pamoja na mama yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wawili hao walihamia Chicago, mji uliokuwa ukipokea maelfu ya Weusi waliokimbia umaskini na ubaguzi wa Kusini. Huko nyimbo za kanisa la mashambani zilikutana na bluzi na jazi ya mjini. Mdundo ambao baadaye ungeitwa wa "kidunia" haukuingizwa kanisani kutoka nje. Ulikuwamo tangu awali, na binti huyu aliupata hapo. Ukweli huu unaitikisa dhana kwamba roki ilitokana tu na muziki wa vilabu na baa. Mojawapo ya mizizi yake imo katika ibada, na katika ibada hiyo wanawake walikuwa na sauti.

Kutoka Madhabahuni hadi Kilabuni

Mwaka 1934, Rosetta aliolewa na mhubiri aliyeitwa Thomas Thorpe. Ndoa hiyo haikudumu, lakini jina lilibaki, likiwa limebadilika kidogo katika tahajia na kuwa Tharpe. Hata jina la jukwaani, basi, lilibeba alama mbili: "Sister", wito wa udada kanisani, na jina la mume ambaye mwenyewe alikuwa amekwisha kuachwa nyuma.

Mwaka 1938 ulikuwa wa mageuzi makubwa. Tharpe aliingia New York na kuanza kuimba katika kilabu cha Cotton Club, mahali pa pombe na dansi. Santuri zake za Decca zilifuata, kisha tarehe 23 Desemba mwaka huo akashiriki katika tamasha la "From Spirituals to Swing" lililoandaliwa na John Hammond katika ukumbi wa Carnegie Hall. Katika muda wa miezi michache, nyimbo zilizokuwa za ibada zilisikika katika kilabu, katika santuri na katika ukumbi wa muziki wa watu wenye hadhi.

"Rock Me" ni mfano bora wa mvutano uliozuka. Wimbo huo ulitokana na utungo wa Thomas Dorsey, "Hide Me in Thy Bosom", ambao ni ombi la mwamini anayetaka kuhifadhiwa kifuani mwa Mungu. Tharpe aliuhamisha mkazo wa wimbo kwenye tendo la kubembelezwa na kutikiswa. Kanisani tendo hilo ni la mzazi na mtoto wake. Kilabuni lina maana nyingine isiyohitaji ufafanuzi. Maneno yalibadilika kidogo tu, lakini mahali pa uwasilishaji palizalisha maana mpya. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashangazwa na jambo hili, kwani anajua kuwa wimbo wa jandoni ukiimbwa harusini hauwi tena wimbo ule ule. Aidha, Dorsey, anayehesabiwa kuwa baba wa muziki wa injili wa Wamarekani Weusi, alikuwa hapo awali mpigaji piano wa bluzi aliyejulikana kwa jina la Georgia Tom. Hivyo mpaka ambao Tharpe alilaumiwa kwa kuuvuka ulikuwa umekwisha kuvukwa na mwasisi wa utanzu wenyewe. Tofauti ni kwamba Dorsey alitoka duniani akaenda kanisani, na safari hiyo huitwa toba. Tharpe alionekana kuelekea upande wa pili.

Waumini wengi walikwazika. Lawama ziliongezeka alipojiunga na bendi ya Lucky Millinder mwaka 1941 na kurekodi pia nyimbo zisizo na uhusiano wowote na dini. Baadaye Mahalia Jackson angejijengea heshima kubwa kwa kukataa katakata kuimba nyimbo za kidunia. Tharpe hakuchagua njia hiyo, wala hakuliacha kanisa. Alitaka kubaki pande zote mbili, na ni msimamo huu uliomfanya awe mgumu kuainishwa.

Gitaa kama Mwitikiaji

Mwaka 1944 Tharpe alirekodi "Strange Things Happening Every Day", akisindikizwa na mpigaji piano Sammy Price na wenzake. Mwaka uliofuata wimbo huo ulifikia nafasi ya pili katika orodha ya jarida la Billboard iliyotengewa muziki wa Weusi, mafanikio yasiyokuwa ya kawaida kwa wimbo wa kidini. Baadhi ya wahakiki wameuita santuri ya kwanza ya roki. Dai hilo linaweza kubishaniwa, lakini sababu zake ni bayana: piano yenye mdundo wa kasi, gitaa la umeme linaloongoza, na uimbaji unaochanganya mahubiri na kejeli.

Upekee wa Tharpe unaonekana zaidi katika uhusiano wa sauti na ala. Katika ibada za Weusi, kama ilivyo katika nyimbo nyingi za jadi za Afrika, kiongozi hutoa kauli na umma huitikia. Tharpe, akiwa peke yake jukwaani, alilipa gitaa dhima ya umma. Hufikia mwisho wa mshororo, hunyamaza, na gitaa humjibu kwa noti moja moja zinazopanda, kukwaruza na kulia, kana kwamba mwumini fulani ameinuka kutoka kwenye benchi. Kisha sauti hurejea ikiwa imesukumwa na jibu hilo. Kwa istilahi za fasihi simulizi, fanani amejigawa na kuwa pia hadhira yake. Gitaa linapoacha kuwa msindikizaji na kuwa mzungumzaji wa pili, msingi wa kile kinachoitwa roki umekwisha kuwekwa.

Ushahidi wa athari yake kwa waliofuata unatoka kwao wenyewe. Mwaka 1947 huko Macon, Georgia, Tharpe alimpandisha jukwaani kijana wa miaka 14 aliyekuwa akiimba nyimbo zake, na akamlipa. Kijana huyo alikuja kuwa Little Richard, naye aliisimulia siku hiyo kama chanzo cha azma yake. Johnny Cash, alipotunukiwa nafasi katika Rock and Roll Hall of Fame mwaka 1992, alimtaja Tharpe miongoni mwa waimbaji aliowapenda.

Umaarufu wake wa wakati huo haukuwa mdogo. Kuanzia mwaka 1946 alishirikiana na mwimbaji Marie Knight, na wimbo wao "Up Above My Head" ulipendwa sana. Tarehe 3 Julai 1951 alifunga ndoa na meneja wake, Russell Morrison, katika uwanja wa michezo wa Griffith jijini Washington, mbele ya watu zaidi ya 20,000 waliolipa kiingilio. Ibada ilifuatwa na tamasha, bibi harusi akapiga gitaa akiwa katika vazi lake la harusi, na Decca ikairekodi sherehe hiyo. Sakramenti, biashara na burudani viliwekwa mahali pamoja bila kuombana radhi.

Jinsia, Umri na Majina ya Tanzu

Iwapo hali ilikuwa hiyo, kufutika kwake kulitokea vipi? Jibu limo katika majina. Hadi mwaka 1949, muziki wa Weusi uliorodheshwa na Billboard chini ya jina la "race records". Mwaka huo jina likabadilishwa kuwa "rhythm and blues". Miaka michache baadaye watangazaji na wafanyabiashara walieneza jina la "rock and roll" kwa ajili ya soko la vijana, hasa vijana Wazungu waliokuwa na fedha za kutumia. Kufikia mwaka 1955 Tharpe alikuwa na miaka 40, alikuwa Mweusi, alikuwa mwanamke, na nyimbo zake zilimtaja Mungu. Sauti yake ilifaa kuingia katika utanzu mpya, lakini yeye mwenyewe hakufaa.

Lugha ya sifa nayo ilichangia. Mara nyingi alisifiwa kwamba anapiga gitaa kama mwanamume. Kauli hiyo inaonekana kuwa pongezi, lakini inalikabidhi gitaa kwa wanaume na kumfanya mwanamke awe mkopaji. Hali kadhalika, lakabu iliyoenea baadaye, inayomwita mama wa ubatizo wa roki, ina kasoro yake. Mama wa ubatizo husimama kando ya mtoto wa watu wengine na kumshuhudia akipewa jina. Lakabu hiyo humheshimu Tharpe na papo hapo humwondoa katika tendo lenyewe.

Ulaya ilimpokea kwa namna nyingine, ila nayo haikukosa kumgeuza. Mwaka 1957 alizuru Uingereza akishirikiana na bendi ya Chris Barber, na mwaka 1964 alirudi katika msafara uliomjumuisha Muddy Waters. Tarehe 7 Mei 1964, televisheni ya Granada ilirekodi onyesho katika kituo cha reli kilichokuwa hakitumiki tena jijini Manchester, kikiwa kimepambwa kionekane kama kituo cha Kusini mwa Marekani. Watayarishaji walitaka picha ya kale. Tharpe alifika kwa gari la kukokotwa na farasi, huku mvua ikinyesha, akavaa gitaa jeupe la umeme la Gibson, la muundo uliokuwa umetolewa miaka michache tu iliyopita, na akaanza na "Didn't It Rain", wimbo unaohusu gharika ya Nuhu. Mandhari yalimweka katika jana. Gitaa lake lilikuwa la siku ile ile. Mgongano huo ni muhtasari wa maisha yake yote ya kisanaa.

Hitimisho

Mwaka 1970 Tharpe alipatwa na kiharusi, na mguu wake mmoja ukakatwa kutokana na kisukari. Alifariki jijini Philadelphia tarehe 9 Oktoba 1973, na kwa zaidi ya miaka 30 kaburi lake halikuwa na jiwe la jina. Kumbukumbu ilianza kurejeshwa polepole: stempu ya posta ya Marekani mwaka 1998, wasifu ulioandikwa na Gayle Wald mwaka 2007, na tamasha la kuchanga fedha za jiwe la kaburi mwaka 2008. Mwaka 2018 aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, miaka 26 baada ya Cash kulitaja jina lake katika sherehe za taasisi hiyo hiyo. Hata hapo aliingizwa kupitia kitengo cha walioathiri roki mapema, si kitengo cha wasanii wa roki.

Si lengo la makala haya kudai kwamba Tharpe peke yake ndiye aliyeanzisha roki. Madai ya aina hiyo huwasahau wanawake wengine, mathalani Memphis Minnie, aliyepiga gitaa la bluzi kwa ustadi mkubwa, na Big Mama Thornton, aliyerekodi "Hound Dog" mwaka 1952, miaka minne kabla ya Presley. Kumtafuta "wa kwanza" ni kuendeleza masimulizi yale yale ya shujaa mmoja, kwa kubadilisha jinsia yake tu. Linalohitajika ni kuuanzia uchunguzi katika utendaji: nani aliimba, wapi, kwa ala gani, na hadhira iliitikia vipi, kabla ya kuuliza kazi hiyo iwekwe katika utanzu upi. Anayeanza na jina la utanzu atampata Tharpe mlangoni, kama Hall of Fame ilivyompata. Anayeanza na santuri ya mwaka 1944 atamkuta amekwisha kuketi ndani, gitaa mkononi.