Uozeshaji Sumu: Istilahi kwa Udongo Ulioharibiwa na Viuatilifu

Mwaka 1986 shamba la serikali la Vikuge, wilayani Kibaha mkoani Pwani, Tanzania, lilipokea shehena ya viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki, sehemu yake ikiwa imeshapitwa na muda. Banda lililohifadhi shehena hiyo likabomoka, na sumu ikaingia ardhini. Hata baada ya shehena kuondolewa, watafiti waliopima udongo wa juu mahali palipokuwa na banda walikuta DDT na masalia yake yamefikia zaidi ya robo ya uzito wa udongo mkavu. Aliyechota ndoo moja pale wakati huo, huenda robo yake ilikuwa sumu.

Ukizungumza na wataalamu kuhusu ardhi iliyoharibiwa hivyo, haupiti muda mrefu kabla ya kusikia neno bayoremediesheni. Maana yake ni kutumia viumbehai, hasa bakteria na kuvu, kuivunja sumu iliyomo katika udongo au maji mpaka igeuke kitu kisichodhuru. Wapo wanaoiita "usafishaji wa kibayolojia", wengine "urekebishaji kwa viumbehai". Majina hayo si makosa, na la pili linafaa kubaki vitabuni kama jina la jumla. Lakini kwa mkulima hayatoshi. Kusafisha, kwa jinsi tunavyolitumia neno hili kila siku, ni kuuondoa uchafu hapa na kuupeleka kule. Mkulima akiambiwa shamba lake litasafishwa, atauliza sumu itapelekwa wapi. Ni swali la haki, na jina alilopewa halimsaidii kulijibu.

Napendekeza tuseme uozeshaji sumu. Kuozesha ni kazi ambayo kila mwenye shamba anaijua: anarundika samadi na majani, anamwagia maji, anafunika, rundo linapata joto, na baada ya muda anafukua mboji. Majani hayakupelekwa popote, yameliwa. Walioyala ni bakteria na kuvu, na ni jamii hiyohiyo ya viumbe inayofanya kazi kwenye udongo wenye sumu. Najua wapo watakaopenda "umeng'enyaji", neno zuri la darasani, ila masikio ya wengi yameshalifungia tumboni.

Jina hili pia linatufungulia mlango wa kuielewa kazi yenyewe. Molekuli ya DDT imebeba atomi tano za klorini, na hizo ndizo zinazoifanya iwe ngumu kuliwa. Udongo ukikosa hewa, wapo bakteria wanaoing'oa klorini moja na kuweka haidrojeni mahali pake, na DDT inakuwa DDD. Udongo ukiwa na hewa, DDT huelekea kugeuka DDE, ambayo ni kaidi vilevile, na hapo ndipo kazi nyingi zinapokwama. Kwa upande mwingine, kuzipasua pete za kaboni za molekuli hizo kunahitaji oksijeni. Kwa sababu hiyo mafundi wa kazi hii wakati mwingine huunyima udongo hewa kwa kipindi, kisha huulima ili upumue, kisha hurudia tena. Kuvu nao wana njia yao. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba kuvu mmoja anayeozesha mbao, Phanerochaete chrysosporium, anaweza kuvunja DDT na kiuatilifu kingine, lindani, kwa vimeng'enya vilevile anavyotumia kuulainisha mti.

Mfano unaotuhusu zaidi ni wa majosho. Kenya na Tanzania zilitumia toksafeni kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, na Marekani pia iliitumia kwa mifugo. Kule, katika ardhi za wenyeji wa asili, Wanavajo na Wazuni, yaliachwa majosho ambayo udongo wake ulikuwa umelowa sumu hiyo. Dawa iliyotumika kuutibu ni unga wa damu: damu ya machinjioni, iliyokaushwa na kusagwa. Udongo unachimbuliwa, unachanganywa na unga huo pamoja na maji na fosfati kidogo mpaka unakuwa tope zito, unamiminwa kwenye shimo lililotandikwa plastiki, kisha unafunikwa na kuachwa kwa miezi. Bakteria wanaivamia damu, wanaimaliza hewa yote, na wale wasiohitaji hewa wanashika zamu na kuanza kuing'oa klorini ya toksafeni. Nchi zetu hazijakosa machinjio.

Lakini si kila sumu huoza, na hapa ndipo jina linapofanya kazi yake kubwa zaidi. Mrututu uliopigwa kwenye mibuni kwa miaka mingi ni shaba, na majosho ya zamani zaidi yalitumia arseniki. Hizo ni elementi. Bakteria anaweza kuibadili hali yake, hawezi kuimaliza. Mimea fulani huweza kuivuta kupitia mizizi, lakini mimea hiyo ikishavunwa bado inabidi itafutiwe pa kuwekwa. Huo ndio usafishaji kwa maana yake halisi, na usichanganywe na uozeshaji.

Vilevile kipimo kinatangulia kila kitu. Pale penye sumu nyingi mno, kama ilivyokuwa Vikuge, vijidudu vyenyewe hufa. Udongo wa sehemu hiyo hufungashwa na kwenda kuteketezwa katika tanuri maalumu, na uozeshaji huachiwa udongo wa pembeni wenye sumu hafifu. Na kazi iliyoachwa nusu inaweza kubakiza masalia yenye madhara, hivyo anayesema "tumemaliza" aonyeshe majibu ya maabara ya sumu ya mwanzo pamoja na yale ya masalia yake.

Maofisa ugani na waandishi wa habari za kilimo, mkifika penye josho la zamani, ulizeni kwanza lilitumia dawa gani, kwa sababu toksafeni huoza na arseniki haiozi. Na kwa vyovyote vile, pasipandwe mchicha hapo wala watoto wasiuchezee udongo wake mpaka upimwe.