Tarakimu Sita Mlangoni

Mtu apigaye hodi hutambuliwa kwa sauti yake. Mashine haina sikio la namna hiyo, kwa hiyo hudai siri. Katika mwaka 1961, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, Fernando Corbató na wenzake waliionyesha kompyuta moja iliyoweza kutumiwa na watu wengi, na kila mtu akapewa neno lake la siri. Mwaka uliofuata, mtafiti Allan Scherr, ambaye muda wa saa 4 kwa juma haukumtosha, aliiamuru mashine ichapishe maneno yote ya siri, nayo ikatii. Hakuwa mwizi wa mali; alitaka wasaa tu.

Ubovu wa neno la siri ni kuwa likiibwa leo hufaa na kesho. Mwaka 1981 Leslie Lamport alieleza njia ya kulitumia mara moja tu. Kanuni ya mwaka 2005 ikaweka tarakimu zisizopungua 6, na ile ya 2011 ikazifungamanisha na saa. Waandishi wa kanuni hii ya pili walipendekeza sekunde 30, wakasema waziwazi kuwa wamepima usalama na wepesi wa matumizi. Muda ukirefuka, mwizi aliyechungulia hupata nafasi. Ukifupika, mzee atafutaye miwani hukuta tarakimu zimekwisha kufa. Kwa sababu hiyo waliruhusu kipindi kimoja kilichopita kikubaliwe pia. Mimi naihesabu ruhusa hiyo kuwa utu.

Lakini wengi walipenda tarakimu ziletwe kwa ujumbe wa simu, maana simu kila mtu anayo. Hapo mizani ililalia wepesi. Namba hutolewa na kampuni, na mtumishi wa kampuni aweza kudanganywa aihamishie kwenye laini ya mwingine. Agosti 2019 namba ya Jack Dorsey, wakati huo mkuu wa Twitter, ilitwaliwa, na wageni wakaandika kwa jina lake kwa ujumbe mfupi. Hawakuhitaji hata tarakimu; namba ilitosha.

Afrika Mashariki jambo hili si la mbali, kwani tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 namba ya simu imekuwa mkoba wa fedha. Tena yuko asiyeibiwa na mtu: aliyekaa ugenini muda mrefu, laini yake ikafungwa, na namba ikauzwa upya. Neno lake la siri analikumbuka barabara, ila tarakimu zake zinafika katika simu ya mtu asiyemjua.