Mkanda wa injini: namna ya kuukagua na kuubadilisha kabla ya kupanda Bugarama

Mkanda wa mpira unaozungusha altaneta, pampu ya maji na vifaa vingine vya injini ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu katika gari, lakini ukikatika njiani unaweza kuiharibu injini nzima. Kwa madereva wa Bujumbura, ambao safari zao za Gitega, Kayanza na Ngozi huanza kwa kupanda mlima, wakati wa kuukagua ni kabla ya kuondoka mjini, si baada ya taa nyekundu kuwaka.

Mkanda huu ni upi

Wasemaji wengi wa Kiswahili huuita fenibelti, jina lililobaki tangu enzi ambazo mkanda ulizungusha feni ya rejeta. Katika maduka ya vipuri ya Bujumbura hutajwa pia kwa Kifaransa, courroie. Upande mmoja wa mkanda ni laini, na upande wa pili una mistari iliyoinuka ambayo huingia katika mifereji ya puli. Mkanda hupokea nguvu kutoka puli iliyo mwishoni mwa shafti kuu ya injini, kisha hupita puli moja baada ya nyingine, ukijipinda mithili ya nyoka.

Zamani magari mengi yalikuwa na mikanda miwili au mitatu myembamba, kila mmoja ukiwa na kazi yake. Utaratibu wa mkanda mmoja mrefu ulianza kuenea baada ya kampuni ya Ford kuutumia katika gari la Mustang la mwaka 1979. Faida yake ni kwamba huchukua nafasi ndogo na hudumu zaidi. Hasara yake ni kwamba ukikatika, vifaa vyote vinavyoutegemea husimama kwa pamoja: altaneta inayochaji betri, kompresa ya kiyoyozi, pampu ya usukani kwa magari yanayotumia usukani wa haidroliki, na katika injini nyingi, pampu inayozungusha maji ya kupoza injini.

Mkanda huu usichanganywe na mkanda wa taimingi, ambao hufichwa nyuma ya kifuniko na huratibu mwendo wa pistoni na vali. Huo ni kazi ya fundi mwenye vifaa maalumu, kwani kosa dogo la mpangilio laweza kuzigonganisha vali na pistoni. Mkanda wa nje, kinyume chake, huonekana mara boneti inapofunguliwa, na katika magari mengi hubadilishwa kwa muda usiozidi saa moja.

Kwa nini mlima huongeza hatari

Bujumbura imekaa kando ya Ziwa Tanganyika, mita zisizofika 800 juu ya usawa wa bahari katika mitaa yake ya chini. Barabara ya Taifa Namba 1 hupanda kutoka hapo hadi Bugarama, kwenye kimo cha takriban mita 2,200, kwa mwendo wa kilomita zipatazo 35 tu. Huko Bugarama njia hugawanyika: moja huelekea Kayanza na mpaka wa Rwanda, nyingine Muramvya na Gitega. Tangu Gitega ifanywe mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, huku Bujumbura ikibaki kitovu cha biashara, wengi huipanda njia hiyo kwa shughuli za serikali, biashara na familia.

Gari linalopanda mlima hutumia gia ndogo. Injini huzunguka kwa kasi na kutoa joto jingi, ilhali upepo unaopita kwenye rejeta ni mdogo kwa kuwa mwendo ni wa polepole. Katika hali hiyo pampu ya maji ndiyo tegemeo. Mkanda ukiteleza, maji huzunguka kwa uvivu. Ukikatika, husimama kabisa.

Kimo nacho hupunguza nafasi ya usalama. Maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi pwani, lakini kiwango hicho hushuka kwa takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 za kupanda. Kule Bugarama maji huchemka karibu na nyuzi 93, na injini nyingi hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 90 hivi. Mfuniko mzima wa rejeta huhifadhi shinikizo linalozuia maji yasichemke mapema, na kimiminika maalumu cha kupozea huongeza kinga hiyo. Gari lenye mfuniko uliochoka na maji matupu ya bomba limebakiwa na kinga ndogo mno. Likipoteza pampu ya maji katika hali hiyo, dakika chache zatosha kuunguza gasketi ya silinda hedi au kuipinda hedi yenyewe. Gharama ya matengenezo hayo hailingani hata kidogo na bei ya mkanda.

Dalili za mkanda uliochoka

Dalili ya kwanza mara nyingi ni sauti: mlio mkali asubuhi injini inapowashwa, usukani unapokatwa hadi mwisho au kiyoyozi kinapofunguliwa. Mlio mfupi baada ya kupita kwenye dimbwi, kama ilivyo kawaida msimu wa mvua katika barabara za kando ya ziwa na za Gatumba, waweza kuwa wa maji tu. Ukiendelea baada ya mkanda kukauka, ni onyo. Dalili nyingine ni taa ya betri kuwakawaka, taa za mbele kufifia, usukani kuwa mzito, harufu ya mpira ulioungua na mshale wa joto kupanda.

Macho huthibitisha yale ambayo sikio limeyasikia. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, mkanda hugeuzwa kidogo na kumulikwa kwa tochi. Nyufa nyingi zinazokatiza mistari, kingo zilizochanika nyuzi, mistari iliyobanduka, ung'avu kama wa kioo, au alama za mafuta ni sababu za kuubadilisha bila kungoja.

Lipo jambo moja linalowapotosha hata mafundi wazoefu. Mikanda ya zamani ilipasuka ilipozeeka, hivyo mkanda usio na nyufa ulihesabiwa kuwa mzima. Mikanda ya kisasa iliyotengenezwa kwa mpira wa EPDM haipasuki kwa urahisi. Huisha polepole kama tairi, mifereji yake ikizidi kupanuka. Mkanda wa namna hiyo waweza kuonekana mzuri na bado ukateleza. Njia rahisi ni kuulinganisha na mpya: iwapo puli inazama zaidi hadi kufika sakafu ya mifereji ya mkanda wa zamani, umekwisha.

Kwa kawaida mkanda hutarajiwa kudumu takriban kilomita 100,000. Hata hivyo, magari mengi ya Burundi huingia yakiwa yametumika, yakitoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam, na mwenye gari huwa hajui mkanda una umri gani. Busara ni kuuhesabu kuwa wa zamani hadi ukaguzi uthibitishe vingine.

Kununua mkanda sahihi

Mgongoni mwa mkanda huchapishwa namba mfano wa 6PK2100. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya mistari, herufi PK ni aina ya umbo lake, na tarakimu za mwisho ni urefu kwa milimita. Mistari lazima ilingane kabisa. Urefu nao ufuate maelekezo ya mtengenezaji, kwani tofauti ndogo yaweza kukifikisha kikaza mkanda mwisho wa uwezo wake.

Namba ikiwa imefutika, jina la gari pekee halitoshi. Dukani hupelekwa mkanda wa zamani pamoja na namba ya injini au ya chesisi. Ikumbukwe kuwa mkanda wa zamani huenda umevutika kidogo. Uhaba wa fedha za kigeni ulioikumba Burundi katika miaka ya karibuni umefanya vipuri kuwa ghali na vingine kuadimika, na wapo wanaoshawishika kununua mkanda uliovuliwa katika gari jingine. Huko ni kununua umri usiojulikana. Mkanda mpya wa ziada, ukihifadhiwa ndani ya gari mbali na mafuta na jua, ni akiba yenye faida zaidi.

Hatua za kuubadilisha

Kwanza, gari huegeshwa mahali tambarare, breki ya mkono hukazwa, tairi huwekewa kizuizi na ufunguo huondolewa. Injini huachwa ipoe. Waya hasi wa betri hufunguliwa ili kuzuia hitilafu ya umeme karibu na altaneta.

Pili, njia ya mkanda huchorwa au kupigwa picha kwa simu. Kosa la puli moja laweza kuifanya pampu ya maji izunguke kinyume.

Tatu, hutambuliwa namna ya kuulegeza. Magari mengi yana kikaza chenye springi, ambacho husukumwa kwa spana ya mkono mrefu kisha kurudishwa taratibu. Kuachiwa ghafla huweza kuvunja kidole. Mengine hayana kikaza hicho. Toyota Probox yenye injini ya 1NZ-FE, gari linaloonekana kila kona ya Bujumbura, hukazwa kwa kusogeza altaneta: boliti zinazoishikilia hulegezwa kwanza, ndipo boliti ya kurekebisha hufunguliwa.

Nne, mkanda ukishatoka, kila puli huzungushwa kwa mkono. Inayokwaruza, kuyumba au kutoa sauti ina beringi mbovu, na itaula mkanda mpya kama ilivyoula wa zamani. Huangaliwa pia kama kuna mafuta au maji yanayovuja. Hatua hii hurukwa mara nyingi, na kwa kuirukia watu hurejea gereji baada ya majuma machache.

Tano, puli hufutwa kwa kitambaa kikavu na mkanda mpya huvishwa kwa kufuata mchoro. Mistari hukaa kwenye puli zenye mifereji, na mgongo laini kwenye puli laini. Puli iliyo rahisi kufikiwa, aghalabu ya altaneta, huachwa ya mwisho. Mkanda usilazimishwe kwa bisibisi, kwani nyuzi zake za ndani hukatika pasipo kuonekana.

Sita, mkanda hukazwa. Kikaza cha springi hujipimia chenyewe. Kwa ukazaji wa mkono, kitabu cha gari ndicho mwongozo. Kikikosekana, mafundi hubonyeza kwa kidole gumba katikati ya nafasi ndefu zaidi kati ya puli mbili na kutazamia mkanda uingie kiasi cha sentimita moja. Uliolegea huteleza, uliokazwa kupita kiasi huua beringi za altaneta na pampu ya maji.

Saba, injini huzungushwa mizunguko miwili kwa spana kwenye boliti ya puli kuu ili kuhakikisha kila mstari umekaa katika mfereji wake. Ndipo betri huunganishwa na injini kuwashwa, nguo na mikono vikiwa mbali. Mkanda uliokazwa kwa mkono hukaguliwa tena baada ya siku chache, kwa sababu mpya hulegea kidogo.

Makosa ya kuepukwa

Kupaka sabuni, nta au mafuta ili kunyamazisha mlio ni kuficha ugonjwa. Mafuta hulainisha mpira na kuuozesha. Soksi au kamba iliyowahi kuokoa magari ya zamani haifai hapa, kwani haiwezi kufuata njia ndefu yenye kona nyingi.

Mkanda ukikatika njiani

Taa ya betri ikiwaka, usukani ukawa mzito na joto likaanza kupanda kwa pamoja, mkanda umekatika. Dereva hutafuta sehemu iliyonyooka na kuegesha nje ya njia, kisha huzima injini mara moja. Alama ya hatari huwekwa mbali na gari, mbele na nyuma. Katika mlima wa Bugarama tahadhari hii ni ya lazima: malori hukutana kwenye kona nyembamba, na waendesha baiskeli hushuka kwa kasi wakiwa wamebeba ndizi au mkaa. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi hadi injini ipoe, kwa sababu maji yenye shinikizo huruka na kuunguza uso.

Kishawishi kikubwa zaidi ni kuliacha gari literemke lenyewe kurudi Bujumbura, injini ikiwa imezimwa. Jambo hilo ni la hatari. Msaada wa breki hutokana na injini. Ikizimwa, breki hubakiwa na nguvu ya kukanyaga mara chache tu, kisha pedali huwa ngumu. Ufunguo ukiondolewa, usukani nao waweza kujifunga. Kuvutwa na gari jingine, au kumngoja fundi aje na mkanda, huchukua muda, lakini huwafikisha abiria nyumbani.

Katika gereji za Buyenzi, mtaa wa wasemaji wa Kiswahili unaojulikana jijini kwa mafundi wake wa magari, ukaguzi wa mkanda hauhitaji mashine wala kompyuta: hutosha tochi, mkono safi na injini iliyopoa. Kwa anayetarajia kupanda mlima kesho asubuhi, kazi hiyo yafaa ifanywe leo jioni, maduka ya vipuri yakiwa bado wazi.