Kodi Iliyotia Nyumba Giza

Mwanafunzi mmoja wa usanifu majengo alinionesha mchoro wa zoezi lake: nyumba ya matofali ya Uingereza, ya karne ya 18, na nyuma yake chumba cha mimea kilichojengwa kwa vioo vitupu, kuta hata paa. Mchoro ulivutia. Nikamwuliza: mwenye nyumba hii alilipa kodi gani?

Alicheka. Mimi sikuwa natania.

Tangu 1696 Uingereza ilitoza kodi ya madirisha. Idadi yake ndiyo iliyopima uwezo wa mtu. Watu wakayaziba kwa matofali, na mengine yamezibwa hadi leo. Mwaka 1746 ukaongezwa ushuru wa kioo chenyewe, uliokwenda kwa uzito. Tajiri wa enzi hizo aliyetaka kuikinga michungwa yake na baridi alijenga ukumbi wa mawe au matofali, madirisha marefu yakitazama kusini, na paa la kawaida juu. Ufundi wa vioo nao ulikuwa bado mchanga, lakini ushuru uliuzidishia uzito.

Walioumia hasa ni wapangaji wa mijini. Jengo lenye familia nyingi lilihesabiwa kuwa nyumba moja, na kodi ikamwangukia mmiliki. Yeye akaziba madirisha. Wao wakabaki gizani, bila hewa. Madaktari walilalamika kwamba hali hiyo ilizalisha maradhi. Wakati huohuo, kati ya 1836 na 1841, ushuru ukiwa ungali unatozwa, Joseph Paxton alimjengea Duke wa Devonshire jumba kubwa la vioo huko Chatsworth. Mkubwa huyo aliumudu.

Ushuru wa kioo ulifutwa 1845, na kodi ya madirisha 1851, mwaka uleule Paxton aliposimamisha Crystal Palace jijini London. Ndipo chumba cha vioo kikaanza kushuka hadi nyumba za watu wa kipato cha kati. (Jumba la Chatsworth lilikosa makaa ya mawe wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mimea ikafa, likabomolewa 1920.)

Kwa hiyo kijana wangu alikuwa ameivalisha nyumba ya karne moja nguo ya karne nyingine. Amerudi na mchoro mpya: kuta za matofali, madirisha marefu yanayolingana na ya nyumba. Na dirisha moja la ghorofani, lililozibwa zamani, ambalo mwanzoni alikuwa amelifungua, safari hii ameliacha limezibwa.