Kabla ya Tishu za Maji: Historia Fupi ya Kumfuta Mtoto Kampala

Tukizungumzia historia ya malezi, wengi wetu huanza na picha moja: bibi zetu walimfuta mtoto kwa kitambaa, wakakifua, wakakitumia tena, tukaja sisi na tishu za maji za pakiti, tukafuta mara moja na kutupa. Ni picha inayopendeza, hasa siku hizi ambapo akina mama wanahimizwa kurudi kwenye vitambaa vya kufua. Lakini kwa Kampala picha hiyo imeruka sura nzima. Makala hii inadai kwamba Buganda ilikuwa na kifutio cha kutupa muda mrefu kabla ya kuwa na kitambaa cha kufua, na kwamba kilichoamua mama atumie nini kilikuwa maji, sabuni na mikono ya kufulia, wala si wema au uvivu wake.

Tuanze na mgomba. Shina lake si mti hasa; ni maganda yaliyokumbatiana, na ndani ya kila ganda mna vijumba vidogo kama sega la nyuki, vyenye unyevu. Ukikata kipande cha ganda la ndani na kukipondaponda kidogo, unapata sponji baridi, iliyolowa bila mtu kuchota maji. John Roscoe, mmisionari ambaye kitabu chake juu ya Baganda kilichapishwa mwaka 1911, anataja sponji za mgomba zilizotumika kusafishia mikono. Jaja yangu, aliyelelewa upande wa Masaka, anasema kifutio hichohicho ndicho kilichomsafisha mtoto mama akiwa shambani, kisha kikatupwa palepale chini ya migomba, kikaoza. Kama hiyo si tishu ya maji, sijui tuiite nini.

Kulikuwa na kitambaa pia, lakini cha aina nyingine. Olubugo, nguo inayopigwa kutoka gome la mti wa mutuba (ndiyo ile ambayo ufundi wa kuitengeneza UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu), ilimfunika mtoto na kumbeba mgongoni. Kwa kufuliwa kila siku haikufaa, maana gome hulegea na kuchanika likiloweshwa na kusuguliwa mara kwa mara. Kwa hiyo Buganda ya zamani iligawa kazi: olubugo wa kufunika, mgomba wa kufuta.

Kitambaa cha pamba kilipanda kutoka pwani. Wafanyabiashara wa Zanzibar walifika katika ikulu ya Kabaka Suna II miaka ya 1840, na nguo zilikuwa miongoni mwa bidhaa zao. Hapa sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna ushahidi ambao wenzetu wa historia wakati mwingine hawauangalii. Mganda huita kitambaa cheupe cha pamba amerikaani, kwa sababu marekani ya pwani ilitoka kwenye viwanda vya Marekani na kupitia Zanzibar. Sabuni anaiita ssabbuuni. Maneno hayo mawili yalisafiri njia moja, na hilo si jambo dogo, kwa sababu kitambaa cha kufua bila sabuni ni nusu ya kifaa. Huko pwani kanga kuukuu ilikwisha kuzoeleka kuchanwa na kufanywa winda la mtoto. Kampala ilichelewa. Hata baada ya mbegu za pamba kugawiwa kwa wakulima kuanzia mwaka 1903, pamba yenyewe ilisafirishwa nje na nguo zikarudi kwa bei. Ni baada ya kiwanda cha Nytil kujengwa Jinja katika miaka ya 1950, karibu na umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, ndipo Uganda ilipofuma nguo zake kwa wingi. Zama za kitambaa cha kufua, basi, si za tangu na tangu. Ni za juzi.

Na hazikudumu kwa raha. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, ambao viwanda na biashara nyingi za sabuni, sukari na nguo zilikuwa mikononi mwao. Uzalishaji ukaporomoka, sabuni ikawa bidhaa ya foleni na ya magendo. Wazee wa Kampala hukumbuka kufua kwa majani ya mpapai. Tukisoma juu ya miaka hiyo tunasoma habari za jeshi, mauaji na mapinduzi, na ni sawa. Lakini mama mwenye mtoto wa miezi mitatu alikuwa na swali lake kila asubuhi, nalo ni kitambaa cha jana kitatakata kwa nini. Nilipomuuliza jaja, alicheka kwanza. Halafu akasema walichemsha. Kuni nazo zilikuwa kazi nyingine, maji yalikuwa kazi nyingine, na mgomba ulikuwa umebaki kijijini.

Tishu za maji zenyewe zina asili ya mbali. Arthur Julius wa Marekani alizibuni mwishoni mwa miaka ya 1950, na wateja wake wa kwanza wakubwa walikuwa wauza kuku wa kukaanga. Mtoto alikuja baadaye. Leo zimejaa madukani Kampala, kuanzia maduka makubwa hadi vibanda vya Wandegeya. Nyingi zina nyuzi za plastiki ndani, ingawa mkononi huhisi kama pamba. Hapo ndipo zinapoachana na ganda la mgomba. Vyote viwili hutupwa, ila kimoja huoza na kingine hubaki. Sheria ya mwaka 2009 dhidi ya kaveera ililenga mifuko, tishu hazikuguswa. Sehemu kubwa ya Kampala hutumia vyoo vya shimo, na tishu iliyotumbukizwa humo humsumbua mtu anayekuja kuvuta uchafu. Zisizoingia chooni huishia jalalani, na jalala la jiji lilikuwa Kiteezi, lililofunguliwa mwaka 1996 na kuporomoka Agosti 2024, likawafukia watu na nyumba zao. Zaidi ya 30 walikufa.

Je, turudi kwenye kitambaa? Vinatengenezwa, na si vigumu: fulana ya pamba kutoka mitumba ya Owino, ikatwe vipande vya ukubwa wa kiganja, vichemshwe, viwekwe na maji yaliyochemka kwenye kopo lenye kifuniko. Lakini yako mambo ambayo wahimizaji huyapita haraka. Kitambaa kilichoanikwa nje nchini mwetu lazima kipigwe pasi pande zote, kwa sababu kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo yenye unyevu, na funza wake huingia kwenye ngozi. Kwa mtoto hilo si mzaha. Pasi inataka mkaa au umeme. Kuosha kunataka maji, na katika chumba cha kupanga Bwaise maji hununuliwa kwa jerikani. Mwanafunzi mwenzangu mwenye mtoto, anayekaa Kikoni, alinieleza hesabu yake: vitambaa nyumbani siku za mwisho wa wiki, dadake anapokuwapo wa kusaidia kufua, tishu siku za mihadhara na ndani ya taksi.

Nilimtajia sponji ya mgomba. Akauliza mgomba wa karibu uko wapi. Nyuma ya hosteli yao ulikuwapo mmoja, akasema, ukakatwa mwaka jana kupisha maegesho ya magari.