Nani Aliamua Kiwemo Nini?

Wiki hii tuzungumzie jambo linaloonekana kuwa la mafundi tu, kumbe linatugusa hata sisi tusiojua kushika bisibisi. Mtu ananunua kompyuta, anaiwasha, anakuta imekwishajazwa vitu: cha kuandikia barua, cha kupigia hesabu, cha kutazamia picha, hata mchezo wa karata. Vyote hivyo hakuviomba. Kuna watu mahali fulani walikaa wakasema hiki kiwemo na kile kisiwemo. Watu hao ni akina nani, na walipokuwa wakiamua walikuwa wanamfikiria nani?

Kompyuta haifanyi kazi bila mfumo wa uendeshaji, yaani ile programu kuu inayozisimamia nyingine zote, kama vile Windows au Linux. Mfumo huo huja na furushi lake la msingi, na furushi hilo limewahi kuwapeleka watu mahakamani. Mwezi Mei 1998 Serikali ya Marekani, pamoja na majimbo kadhaa, iliishtaki kampuni ya Microsoft. Hoja kubwa ilikuwa kwamba kampuni hiyo ilikifunga kivinjari chake cha intaneti ndani ya Windows ili kumnyima pumzi mshindani wake, Netscape. Mwaka 2000 Jaji Thomas Penfield Jackson aliiona kampuni ina hatia, ingawa amri yake ya kuigawa vipande viwili ilitenguliwa katika rufani mwaka 2001. Huko Ulaya, mwaka 2004, kampuni hiyo hiyo ilitozwa faini ya euro milioni 497 na kuamriwa itoe Windows isiyo na programu yake ya kuchezea muziki na filamu. Ikaitoa, kwa bei ileile ya ile kamili. Wanunuzi wakaikwepa, na sishangai. Nani atalipa bei ya debe zima kwa debe lililopunguzwa?

Kesi zile, hata hivyo, zilikuwa ugomvi wa wenye maduka. Kinachonishughulisha mimi ni upande wa pili, upande wa wale wanaotoa mfumo wao bure na kwa nia njema.

Agosti 1993 kijana Mmarekani, Ian Murdock, alianzisha mradi wa Debian, mfumo wa Linux unaotengenezwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Leo una vifurushi vya programu zaidi ya 60,000. Havikai vyote katika mashine moja, wala si lazima. Kwa hiyo Debian walijiwekea sheria ya maandishi yenye madaraja: vya lazima, vilivyo muhimu, vya kawaida, na vya hiari. Kipimo chao cha kitu muhimu kinafurahisha. Wanasema kwa maneno yao kwamba kama mtu mzoefu wa mifumo ya aina hiyo akifika kwenye mashine, akakikosa kitu hicho, akapigwa na butwaa, basi kitu hicho ni muhimu na kiwemo.

Mimi kipimo hicho nakipenda kwa sababu hakina unafiki. Kinasema wazi kuwa butwaa linalohesabiwa ni la mzoefu. La mgeni halimo.

Wakatafuta pia namna ya kuhesabu. Ipo programu ndogo inayomwomba mwenye mashine ruhusa na, akikubali, kila wiki hupeleka kwa njia ya intaneti orodha ya vifurushi alivyo navyo na anavyovitumia. Hesabu hiyo husaidia kuamua ni vifurushi gani viwekwe kwenye sidii ya kwanza. Ni hiari na ni haki tupu, utasema. Sasa tazama: mwenye intaneti anapiga kura kila wiki kuhusu kilichomo ndani ya sidii, ilhali yeye sidii haihitaji sana, maana akikosa kitu anakivuta mtandaoni. Asiye na intaneti ndiye anayeitegemea sidii peke yake, na kura yake haifiki.

Mwaka 2007 nilikuwa Sumbawanga. Ni zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam kwa barabara, na wakati ule kipande cha kutoka Tunduma kilikuwa bado vumbi kiangazi na tope masika. Mji uko juu, karibu mita 1,800, na baridi yake wenyeji wanaijua. Wazee husema jina lake maana yake ni "tupa uchawi", yaani anayeingia aache mizigo yake nje. Katika shule moja ya sekondari palikuwa na kompyuta chache za msaada, na sidii moja ya mfumo wa bure uliokuwa maarufu miaka ile. Simu ya intaneti hakuna.

Mwalimu akanionyesha. Kivinjari kimo, kinakwambia hakioni mtandao. Cha barua pepe kimo. Cha kupiga soga kimo, na cha kupigia simu ng'ambo nacho kimo. Kisha akafungua kamusi ya Kiingereza. Mwanafunzi mmoja akaandika neno, tukangoja, kamusi ikajibu kwamba haikuweza kufika kwenye mashine inayohifadhi maneno. Kumbe maneno hayakuwemo kabisa. Kilichowekwa ni dirisha la kuulizia, maneno yenyewe yako ng'ambo. Shule ile ilikuwa na kamusi za karatasi ambazo kila moja iligombewa na wanafunzi wengi. Kamusi iliyo ndani ya diski ingekuwa na thamani kuliko vile vitu vinne vya mtandao vikijumlishwa.

Hapakuwa na ubaya wa moyo hapo. Aliyeamua alikuwa na intaneti, na kila aliyemjua alikuwa nayo.

Mfano wa Ubuntu unaeleza zaidi. Mfumo huo ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini umejengwa juu ya Debian, na hadi mwaka 2011 sidii zake zilitumwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Sidii hubeba megabaiti 700, basi. Ukiongeza kilo hapa unapunguza kilo pale, kama mpagazi wa zamani. Orodha zao za vilivyomo waliziita "mbegu", na programu inayotafuta kila kifurushi kinahitaji vipi vingine wakaiita Germinate, maana yake kuota. Mkulima wa Ufipa angewaelewa upesi. Yeye huzika majani chini ya matuta yake ya ntumba masika yanapoelekea mwisho, ili udongo uwe na chakula kabla ya ulezi wa mwaka unaofuata. Anajua kwamba ukichagua mbegu umechagua pia samadi na jembe vinavyoifuata.

Ufinyu ule ulizaa mabishano. Katika toleo la Aprili 2010 programu ya kushughulikia picha, GIMP, ilitolewa kwa maelezo kwamba ni ya mafundi na inakula nafasi. Lugha nazo ziligombea nafasi: chache ziliingia, nyingi zikaachwa zivutwe mtandaoni. Kwa miaka kadhaa Kixhosa kilikuwamo ndani ya sidii na Kiswahili hakikuwamo. Siwaonei wivu ndugu zetu Waxhosa. Nasema tu kwamba mezani alikuwapo mtu aliyetoka nchi yao.

Na Kiswahili kilikuwa tayari. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux uliofanywa pamoja na washirika wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Mwaka huo huo Microsoft ikatangaza nia ya kuleta Windows ya Kiswahili. Ilipokuja, ilikuwa vazi la juu: unakuwa kwanza na Windows ya Kiingereza, kisha unavuta kipande cha Kiswahili kutoka mtandaoni na kuivisha. Bure, ndiyo, lakini si msingi.

Nchi hii ilikwisha kuonja jambo hili upande wa dawa. Miaka ya 1980 Wizara ya Afya, kwa msaada wa Denmark na UNICEF, ilianza kupeleka masanduku ya dawa muhimu kwenye zahanati za vijijini. Yaliokoa watu wengi, tusisahau. Lakini sanduku lilikuwa lilelile, iwe bondeni Rufiji penye mbu au juu Ufipa penye baridi, na huku dawa moja ikiisha kabla ya mwezi kwisha, nyingine ilikaa hadi ikaharibika. Baadaye vituo vikaruhusiwa kuagiza vyenyewe kulingana na wagonjwa wao.

Mambo yamebadilika. Kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam Julai 2009, na lami imefika Sumbawanga. Ubuntu waliachana na kikomo cha sidii mwaka 2012. Lakini tangu toleo la Oktoba 2023 chaguo la kwanza wanalokupa ni furushi dogo: kivinjari na zana chache, programu za ofisi hazimo mpaka uombe lile kubwa. Kwa mwenye mtandao wa kasi ni busara. Kwa anayenunua bando la siku, kila kisichokuwamo kina bei.

Wanorwei, taifa la watu milioni tano na kitu, walianzisha Skolelinux mwaka 2001 kwa sababu walitaka shule zao zipate mfumo wa lugha yao. Wakaandika orodha yao wenyewe, na baadaye kazi yao ikaingia ndani ya Debian, ambamo ipo hadi leo kwa jina la Debian Edu. Orodha ya namna hiyo ni maandishi ya kawaida, mstari mmoja kwa kila kifurushi, na Debian hupokea mapendekezo ya mtu yeyote bila ada. Ningekuwa mimi, mstari wa kwanza ningeandika kamusi, na maneno yake yote yawe ndani ya diski.